Mawese ya Rumonge

Mume wangu Révérien hajui kukimbia. Akila, sisi wengine tumeshaosha sahani, yeye bado anatafuna maharagwe moja moja. Akifunga mlango anausukuma kuona kama umefunga, halafu anaufungua ili aufunge vizuri zaidi. Hata siku tuliyovuka mpaka kuingia Rwanda, lori likipiga honi na watu wakirukia juu na mabunda yao, yeye alikuwa chini anakaza kamba ya sanduku lake la vifaa, fundo juu ya fundo, mpaka dereva akamtukana. Nimeishi na mwendo huo miaka tisa, na nitasema ukweli, umenichosha kuliko kuchota maji.

Lakini kazi yake inataka mtu wa namna hiyo. Révérien ni fundi wa injini ndogo: pampu za maji, mashine za kusaga mihogo, injini za mitumbwi. Wazazi wake waliikimbia Rwanda mwaka wa sitini na moja, yeye akazaliwa mwaka uliofuata huko Rumonge, Burundi, kando ya ziwa. Alipofika miaka kumi na sita akapelekwa kujifunza kwa fundi mmoja Mrundi aliyeitwa Iteka. Karakana ya Iteka ilikuwa ya mabati na joto lake lilikuwa la tanuri, na kanuni yake ilikuwa moja: injini iliyokamata, iliyogoma kuzunguka, hailazimishwi. Ukiivuta kwa nguvu utavunja kitu ndani usichokiona. Toa buji, ile inayotoa cheche ya moto, mimina mafuta kwenye tundu lake mpaka silinda ijae, nenda zako, rudi kesho. Na mafuta yenyewe yalikuwa mawese, haya mekundu tunayopikia, yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Révérien alifungua injini kwa dawa hiyo miaka yote aliyokaa kule. Mawese ya Rumonge aliyaamini kuliko anavyoamini sala zangu.

Tulifika Kigali mwezi wa nane mwaka wa tisini na nne: sisi wawili, binti yetu Kaliza wa miaka minne, mdogo wake mgongoni mwangu, sanduku la vifaa na bidoni moja ya mawese. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, pale Bujumbura. Tangu utoto nimeimbiwa habari za kwetu, kwetu, kwetu. Hakuna aliyeniambia kwamba kwetu tungefika tumechoka, wala kwamba kila maji ni ya kupandisha kilima.

Konseye, kiongozi wa mtaa wetu wa Gikondo, alitembea na sisi akatuonyesha nyumba moja juu ya barabara ya maghala. "Ingieni hapa," alisema. "Haina mtu." Siku hizo nyumba ziligawiwa hivyo, kwa kidole. Vyumba vinne, madirisha hayana vioo, na sebuleni misumari sita imebaki ukutani mahali palipokuwa na picha. Nilifagia nyumba nzima, nikapiga deki mara tatu. Kwenye misumari ile sikutundika kitu. Nguo zetu zilikaa ndani ya magunia kwa sababu sikuweza kujibanza kwenye misumari ya mtu.

Kwenye kibanda cha nyuma, chini ya mabati yaliyotoboka, Révérien alikuta mashine ya kukata majani. Injini juu, kisu chini, magurudumu manne, kamba ya kuwashia. Akavuta kamba, haikuja hata kidogo. Buji haikuwepo, tundu lilibaki wazi na mvua ya masika ilikuwa imenyesha humo ndani miezi yote. Akainama, akachungulia, akanusa. Aliponyanyuka nilimwona amefurahi kwa mara ya kwanza tangu Bujumbura.

"Imekamata," alisema, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

Mji mzima ulikuwa majani. Ofisi zilikuwa zinafunguliwa moja moja, shule, zahanati, na mbele ya kila mlango majani yalifika kiunoni. Mwenye mashine ya kukata asingekosa kazi, na fundi asiyejulikana angejulikana. Kwa hiyo akaifungua injini kutoka kwenye mwili wake, akaiweka juu ya gogo mle kibandani, akaanza dawa yake. Mafuta ya taa yalikuwa adimu, basi akazidisha mawese. Mimi nilimpashia moto kidogo jikoni, yeye akamimina, akafunika tundu kwa kitambaa. Kila asubuhi alishika gurudumu zito la juu ya injini kwa mikono miwili na kulisukuma taratibu, huku na huku. Halikujibu. "Kesho," alisema. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita.

Mukunde alikuja mwanzoni mwa mwezi wa kumi, saa tisa mchana. Nilimkuta amesimama katikati ya majani mbele ya nyumba, mwanamke wa makamo, mwembamba, kitenge kimoja amejifunga na kingine amejitanda, viatu mkononi ili visichafuke kwa tope. Hakubisha hodi. Alikuwa anaangalia paa.

"Mwiriwe," alinisalimia kwa Kinyarwanda. "Mashine ya Gasana iko?"

"Gasana ni nani, mama?"

"Ndugu yangu. Hii nyumba iko yake."

Ndoo niliyokuwa nimeishika niliiweka chini. Nilijua siku hiyo ingekuja, kila mtu aliyeingia nyumba ya kuonyeshwa kwa kidole alijua, lakini kujua si kuwa tayari. Nikamwita Révérien. Akaja kwa mwendo wake, akamsikiliza mpaka mwisho. Mukunde alieleza kwamba ndugu yake alikuwa akikata majani ya watu kwa mashine ile, huku Gikondo na mpaka juu Rebero. Gasana hayupo, mkewe hayupo, watoto wao watatu hawapo. Alisema hivyo mara moja na hakurudia. Yeye analala Muhima, kwenye stoo ya duka la mtu, wanawake saba chumba kimoja.

"Buji ilikwenda wapi?" Révérien aliuliza. Ndiye mume wangu huyo. Watu wanalia, yeye anauliza buji.

Lakini Mukunde hakuchukia. Karibu atabasamu. "Alikuwa anaitoa kila jioni," alisema, "ili watu wasimwibie mashine. Alikuwa anaitia mfukoni, analala nayo. Ilikuwa mfukoni."

Baadaye Mukunde akasema habari za nyumba tutaongea, hana haraka. Kwanza anataka kuisikia mashine. Asubuhi alikuwa anaisikia kabla ya kumwona Gasana, na kwa sauti ile alijua yuko kilima kipi. Na Révérien, mtu ambaye huchukua nusu saa kuchagua viazi, akatoa ahadi papo hapo, mbele yangu, bila kuniuliza: "Siku itakapowaka, mama, nitakupa ufunguo wako."

Usiku huo sikumsemesha. Nilikuwa na watoto wawili, nje mvua, na mume amepatana na mgeni kwamba injini ikipona sisi tunalala barabarani. Hasira yangu ilikuwa kubwa, na chini yake kulikuwa na uchovu ambao hata sikujua pa kuutua.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Mawese huganda. Buyenzi na Rumonge kuna joto, yanakaa majimaji, mtu wa kule anaweza kuzeeka bila kujiuliza. Kigali kuna vilima na mvua na baridi, na mimi ndiye niliyekuwa natoa mafuta kwenye chupa ya jikoni kila asubuhi. Tangu wiki ya kwanza yalikuwa yamekaa mle kama sabuni. Ilibidi niyachokonoe kwa kijiko. Yakiganda kwenye chupa yangu, yaliganda pia kwenye silinda yake, juu ya pistoni, hayakupenya popote. Yeye aliyamimina ya moto, yakaingia vizuri, akafunika, akaondoka. Asubuhi alisukuma gurudumu bila kuchungulia, kwa sababu Iteka alisema usiguse dawa ikifanya kazi. Fundi hajui chupa ya jikoni ikoje. Mpishi anajua.

Mwanzoni nilinyamaza kwa kutofikiri tu. Baada ya ile ahadi nilinyamaza kwa makusudi. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Basi kilichokuwa nguoni mwa Révérien nilikuwa mimi.

Siku moja alisema kibanda kinavuja, afadhali injini ikae jikoni kwangu, karibu na jiko la makaa. Nilimjibu kwamba harufu yake itaingia kwenye chakula cha watoto. Alikubali. Révérien huamini anachoambiwa, na ndiyo sababu kumdanganya kunachosha.

Mukunde alikuwa anakuja kila baada ya siku mbili, kwa miguu kutoka Muhima. Alikwenda kwanza kibandani, akasimama mlangoni. "Imekubali, fundi?" "Bado, mama." Halafu alikuja jikoni kwangu, akavua viatu, akachukua kisu na kuanza kumenya viazi bila kuombwa. Nilimchukia kwa jinsi alivyojua kila kitu kilipo: kigoda kirefu, jiwe la kusagia nyuma ya mlango, mahali paa linapotiririka. Kisha nikachoka kumchukia, maana alimenya viazi vizuri na Kaliza alimpenda. Alikuwa akimwita Kaliza "mwari", na alimsuka nywele.

Hakuuliza lini tunahama. Heri angeuliza, ningepata mtu wa kugombana naye.

Wiki ya tano tangu ile ahadi, Révérien alibadilika. Alianza kuamka kabla ya jogoo kwenda kulisukuma gurudumu. Vidole vilipasuka. Watu wawili walimletea pampu watengenezewe, wakaona injini juu ya gogo, wakauliza hiyo ina muda gani, wakaondoka na pampu zao. Alianza kula haraka. Yeye, Révérien, alimaliza kula kabla yangu, akasukuma sahani, akakaa akiangalia mikono yake.

Alhamisi moja mvua ilianza mchana. Mukunde alikuwa amesinzia jikoni, ameegemea ukuta, Kaliza amemlalia miguuni. Révérien akaingia amelowa, akafungua sanduku la vifaa lililokuwa pembeni, akapekua chini kabisa, akatoa nyundo. Nyundo ile ni ya misumari na mabati. Sijawahi kuiona karibu na injini.

"Ya nini hiyo?" nilimuuliza.

"Kesho naigonga pistoni kwa juu. Itoke au ivunjike."

"Si ulisema hailazimishwi?"

"Nimeshindwa, mama Kaliza." Alisema polepole, bila hasira. "Labda Iteka alinifundisha uongo. Labda kule zilikuwa zinafunguka zenyewe. Nina miaka thelathini na miwili, najua kitu kimoja tu, na kitu hicho hapa hakifanyi kazi."

Nilimtazama. Nilikuwa nimetaka paa juu ya watoto wangu, na bado nalitaka, sitaomba radhi kwa hilo. Lakini sikutaka kumharibu mtu. Mtu niliyemlalamikia miaka tisa kwa upole wake alikuwa amesimama mbele yangu na nyundo, na mimi ndiye niliyemtilia mkononi. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Nikachukua chupa ya mawese kwenye rafu, nikaipindua mbele ya uso wake. Hakuna kilichotoka.

"Ndivyo yalivyo kwenye silinda," nilisema. "Hapa si Rumonge. Hapa yanaganda."

Akaishika chupa. Akaigeuza juu chini, chini juu, akaikamua kwa kidole gumba, kwa mwendo wake wa siku zote. "Tangu lini?"

"Tangu tulipofika."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Nilingoja anitukane. Akarudisha nyundo chini kabisa ya sanduku na kulifunga. "Nyumba si yetu, mama Kaliza," alisema, amechoka kuliko nilivyowahi kumwona, kisha akatoka kwenda kuibeba injini. Nilipogeuka, Mukunde alikuwa amefumbua macho. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Alimvuta Kaliza vizuri miguuni mwake, akafumba tena.

Tuliiweka injini kwenye kigoda kirefu, hatua moja kutoka kwenye jiko la makaa, tukaifunika kwa gunia. Nilipika nayo hapo Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Ilinuka kweli, sikusema uongo wote. Ijumaa mawese mle ndani yalikuwa majimaji kama chai, na Révérien akaongeza mafuta ya taa kidogo aliyoyaomba kwa jirani. Jumamosi jioni yalikuwa yamepungua kwa upana wa kidole. Alinionyesha kwa kijiti. Yalikuwa yamepata njia ya kupita.

Jumapili asubuhi alishika gurudumu kwa mikono miwili. Hakutumia nguvu, nilikuwa nimesimama kando yake na niliona mabega yake yamelala. Akasukuma, akaachia, akasukuma, akaachia. Kisha akaniambia niweke mkono wangu juu ya wake. Lilikwenda unene wa unywele na kurudi. Likaenda unene wa kucha. Kabla ya saa sita lilizunguka duara zima, likakwaruza, na kutema uchafu mwekundu kwenye ukuta wa jiko langu, ambao mpaka leo haujatoka. Révérien aliketi chini na kujifuta uso kwa kitambaa chenye mafuta. Nikampa uji.

Siku mbili alisafisha, akakwangua kabureta, akatafuta buji moja kuukuu ndani ya sanduku lake, akairudisha injini kwenye mwili wake. Mukunde, ambaye hakuonekana tangu Alhamisi, alikuja Jumanne. Alimkuta Révérien mbele ya nyumba, mashine imesimama kwenye majani, kamba mkononi. Hakuuliza kama imekubali. Aliweka viatu vyake chini kwenye kizingiti, kimoja kando ya kingine.

Ilivutwa mara saba. Ya nane ikakohoa, ya tisa ikawaka, ikatoa moshi mzito wenye harufu ya mtu anayekaanga mihogo, Kaliza akacheka na kupiga chafya. Mukunde alisimama amefumba macho. Mwanzoni mlio ulikuwa wa kikohozi, halafu ukatulia, ukawa mmoja. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Ni hiyo," alisema. "Iko hiyo." Révérien akakata njia moja kutoka mlangoni mpaka barabarani, na nyingine ya kurudi. Kisha akaizima.

Mume wangu akisema kitu amesema. Aliosha mikono, akaja jikoni, akaweka ufunguo juu ya kigoda kirefu mbele ya Mukunde, kwa mikono miwili. Akaingia ndani. Nikaanza kusikia magunia yetu yakiburutwa. Akatoa godoro, akalilaza kwenye majani aliyoyakata, akarudi kufungua kitanda, skrubu moja moja.

Mimi na Mukunde tulikaa na ufunguo katikati yetu. Nilikuwa na deni la maneno, nikalilipa. Nilimwambia nilijua mawese yameganda na nikanyamaza, kwa sababu mashine ikipona tungetoka.

"Najua," alisema. "Siku ile sikuwa nimelala."

"Nisamehe, mama."

Alichukua kiazi, akakiangalia, akakirudisha. "Mimi ni mpishi, mama Kaliza. Nimepikia watu hapa Kigali miaka kumi na nane. Siku ya kwanza nilipoingia kibandani niliona alichomimina. Nilijua haitafunguka."

Sikumwelewa mara moja. "Mbona hukusema?"

"Ningesema, ingewaka. Ikiwaka, mnanipa ufunguo." Alisogeza ufunguo kwa kidole, kidogo tu, upande wangu. "Vyumba vinne. Jioni nafunga mlango, niko ndani na nani?"

Ndani skrubu ilianguka sakafuni, na Révérien akawa anaitafuta. Kwa mbali, upande wa Rebero, mvua ilikuwa imeanza kuteremka, nyeupe, inakuja juu ya mabati ya maghala. Nilikuwa nimekaa na mwanamke huyu wiki tano jikoni kwake, kila mmoja anamficha mwenzake kitu kilekile. Nilitaka kucheka na nililia.

Mukunde aliinuka, akaenda mlangoni, akatazama anga.

"Godoro la watoto litaloa," alisema. "Mwambie fundi alirudishe ndani. Misumari ya sebuleni iko sita, kwa nini nguo ziko kwenye magunia?"

Nilimwita mume wangu. Nilimwita mara moja tu, na Révérien akatoka mbio.